Flashi Si Kijiko cha Kuazimana

MSHONI: —nimeshakwambia, flashi si kijiko cha kuazimana. Kijiko ukikirudisha kimepinda, mtu anakula nacho hivyo hivyo. Flashi je? Sogea, simu inaita. Sogea bwana. Haloo, nani mwenzangu?

FUNDI: Haloo, shemeji. Ni mimi, huku kibandani. Shikamoo.

MSHONI: Marahaba. Subiri kwanza nimalizane na mtu. (Kwa mbali) Hapana, hujanielewa na hutanielewa. Toa mguu kwenye kizingiti changu. Ee? Nani kakwambia nimekuita?

FUNDI: Shem? Unagombana na nani?

MSHONI: Na nani mwingine. Mama Spika. Jirani wa ukuta kwa ukuta. Kasimama mlangoni tangu nimeinjika sufuria, haingii haondoki, anabishana nami kama vile flashi ilikuwa ya kwao.

FUNDI: Nimekupigia kwa ajili ya hiyo hiyo flashi.

MSHONI: Sema imepona.

FUNDI: Umekaa?

MSHONI: Nimesimama na mwiko mkononi. Sema tu. Ila ujue simu yangu sikio lake limekufa, siku hizi inapiga kelele tupu. Ukisema siri, mtaa mzima umesikia.

FUNDI: Haijafa.

MSHONI: Afadhali.

FUNDI: Lakini haijitambui.

MSHONI: Haijitambui vipi? Imeanguka kifafa?

FUNDI: Nikiichomeka, kompyuta inaandika "tafadhali ingiza diski". Diski ndiyo hiyo nimeshaiingiza. Nikiuliza ukubwa wake, inaniambia sifuri.

MSHONI: Sifuri wapi, na mle ndani mna maua ya kutarizia ya miaka yote?

FUNDI: Maua yamo, nadhani yamo. Sikiliza. Chukulia flashi ni ghala. Ndani kuna mzigo, mlangoni kuna mlinzi. Huyo mlinzi ni kachipu kadogo, na ana maagizo yake aliyopewa kiwandani, sisi tunayaita fimwea. Mzigo gani uko rafu gani, nani aingie, nani atoke. Sasa flashi yako ilichomolewa mlinzi akiwa bado anaandika. Maagizo yakavurugika. Yupo mlangoni, ameshika rungu, ukimuuliza jina lake hajui.

MSHONI: Mwamshe.

FUNDI: Ndiyo kazi niliyoshinda nayo tangu nimefungua. Nimebandua gamba. Nimesoma namba ya chipu kwa lenzi mpaka jicho likatoa machozi. Nikatafuta programu ya kiwandani ya chipu hiyo. Ya kwanza imeandikwa Kichina mwanzo mpaka mwisho, nabonyeza kama kipofu anayetafuta swichi. Ya pili ikaja na virusi, nikaacha flashi nikaanza kutibu kompyuta. Ya tatu—

MSHONI: Shemeji, sikukuuliza safari. Nimeuliza umefika?

FUNDI: Ya tatu ikasema haiioni flashi.

MSHONI: Na umeichomeka?

FUNDI: Nimeichomeka, naiona kwa macho yangu, programu inasema hakuna kitu. Ikabidi nigusishe miguu miwili ya chipu kwa sindano wakati naichomeka, ndiyo mlinzi anaamka bila maagizo, mtupu. Nimetumia ile sindano uliyoiacha kwenye kitambaa ulichofungia flashi.

MSHONI: Kumbe iko kwako. Hiyo sindano nimeitafuta nikapekua nyumba nzima, nikamnunia mwanangu Kidoti, bibi harusi wa watu. (Kwa mbali) Sijasema nawe. Nimesema naongea na fundi. Baadaye.

FUNDI: Anasemaje?

MSHONI: Achana naye. Endelea. Umemwamsha mlinzi, halafu?

FUNDI: Halafu ameamka. Programu imemwona. Kitufe cha kumfundisha upya hiki hapa mbele yangu.

MSHONI: Kibonyeze basi, unangoja nikupigie vigelegele?

FUNDI: Shem, hii programu ni ya kiwandani. Kule kiwandani flashi ni tupu, hakuna wanachokionea huruma. Jambo la kwanza inalofanya ni kufagia ghala. Inafuta kila kitu, halafu ndiyo inamfundisha mlinzi.

MSHONI: Rudia.

FUNDI: Flashi itapona. Maua hayatakuwamo.

MSHONI: Sasa hapo umetengeneza nini? Nimekuletea mgonjwa, unaniambia nguo zake zitapona?

FUNDI: Ndiyo maana nikauliza kama umekaa.

MSHONI: Usinichekeshe, sina hamu. Unajua gauni la mtoto liko wapi sasa hivi? Liko kwenye fremu ya mashine. Upande wa kushoto, kuanzia begani mpaka kiunoni, mzabibu wote umeshatarizwa, jani kwa jani. Upande wa kulia ni peupe, hauna kitu. Mashine imesimama, haina cha kusoma. Harusi ni Jumamosi. Atatembea kiubavu?

FUNDI: Naelewa.

MSHONI: Huelewi. Wewe unaona chuma. Mimi nimekaa na nusu ya gauni tangu—(mtandao unakwaruza)—halafu mtu ananiambia sifuri.

FUNDI: Umekatika hapo katikati. Nauliza, flashi nyingine?

MSHONI: Nimenunua. Kubwa, inang'aa. Nimeichomeka, mashine imenikodolea macho tu. Mashine ile ni ya zamani kama ndoa yangu, haitaki flashi yenye tumbo kubwa. Inataka hiyo hiyo ndogo, ya giga mbili, na madukani nikiiulizia wananiuliza nimetoka wapi.

FUNDI: Kwa hiyo flashi yenyewe tunaihitaji.

MSHONI: Flashi tunaihitaji, na mzabibu tunauhitaji. Vyote viwili. (Kwa mbali) Wewe mama, hebu acha kunivuta khanga. Nimesema baadaye.

FUNDI: Na kuuchora upya?

MSHONI: Nani atauchora?

FUNDI: Kuna wachoraji wa kompyuta pale juu, ukiwapelekea gauni wanaweza kulipiga picha, wakageuza—

MSHONI: Nani atauchora, shemeji?

FUNDI: Marehemu kaka hakuacha hata karatasi?

MSHONI: Kaka yako na karatasi wapi na wapi. Alikuwa anachorea humo humo kwenye kompyuta, kidole kwenye kipanya, chai imepoa pembeni. Na kompyuta unajua ilivyouzwa kwa ajili ya hospitali.

FUNDI: Najua. Mimi ndiye niliyeibeba.

MSHONI: Basi. Upo?

FUNDI: Nipo. Kuna njia moja nimejaribu. Badala ya kumfundisha mlinzi moja kwa moja, unamnong'oneza maagizo ya muda, bila kugusa mzigo, unamwomba akuonyeshe rafu. Wengine inawakubalia.

MSHONI: Na wewe?

FUNDI: Mara ya kwanza ikagoma. Sindano iliteleza. Mara ya pili ikafunguka, nikapiga kofi hapa, wateja wakageuka. Ikaniletea orodha.

MSHONI: Orodha ya maua?

FUNDI: Orodha ya takataka. Maswali na vimraba. Nimerudia na kurudia mpaka chipu imepata moto, nimeipulizia kwa gazeti. Vimraba vile vile. Njia ya upole imeishia hapo, shem. Imebaki ya ufagio.

MSHONI: Na hayo yote kwa sababu ya nyimbo. Nilikwenda sokoni mara moja tu, kununua uzi. Narudi nasikia spika ya jirani inatikisa vikombe vyangu kabatini. Nikasema leo wana raha. Sikujua raha yao imechomekwa flashi yangu. Kidoti kaulizwa, "Hii flashi ina kazi?" Kidoti akasema, "Ipo tu mezani." Ipo tu mezani. Mtoto wa mshoni huyo.

FUNDI: Na wakaichomoa wimbo ukiendelea?

MSHONI: Mama Spika kasikia hatua zangu uani, akaichomoa kama anang'oa jino. Akaja nayo mwenyewe, kaifuta na upindo wa nguo. "Jirani, asante, tumeburudika." Burudani yenyewe hiyo—(Kwa mbali) nasema uongo? Nasema uongo? Basi nyamaza.

FUNDI: Shem, kuna neno analirudiarudia huyo mama. Nalisikia kutokea huku.

MSHONI: Tangu asubuhi ana neno. Tangu juzi ana neno. Akija dirishani nafunga dirisha. Watu wakishaharibu, maneno huwa hayawaishi.

FUNDI: Sawa. Mimi nataka ruhusa yako tu. Nibonyeze au nisibonyeze?

MSHONI: Ukibonyeza nabaki na flashi tupu.

FUNDI: Ndiyo.

MSHONI: Usipobonyeza nabaki na nini?

FUNDI: Na flashi isiyojijua jina.

MSHONI: Ningetariza ua lolote. Tayari nina ua la waridi humu kwenye kumbukumbu ya mashine yenyewe, lile ililokuja nalo kutoka kiwandani. Kila mtu analo. Mito ya makochi yote ya mtaa huu ina ua lile. Upande mmoja mzabibu wa baba yake, upande wa pili ua la mto wa kochi.

FUNDI: Shem—

MSHONI: Bonyeza.

FUNDI: Una hakika?

MSHONI: Sina. Bonyeza kabla sijakaa chini.

FUNDI: (kimya)

MSHONI: Umebonyeza?

FUNDI: Kidole kipo juu ya kitufe.

MSHONI: Kidole kinangoja nini?

FUNDI: Hakitaki. Nikibonyeza mimi, shem, itakuwa ni mkono wangu. Kompyuta niliibeba mimi. Na hii tena mimi.

MSHONI: (mtandao unakwaruza) —hakuna aliyekulaumu, hata siku moja. Hebu ngoja. (Kwa mbali) Unalia nini sasa? Mama Spika, mimi ndiye wa kulia hapa, usininyang'anye na hilo.

FUNDI: Kasema "maua".

MSHONI: Nini?

FUNDI: Nimesikia vizuri. Kasema "mauamaua yapo".

MSHONI: Eti yapo kwa muuza nyimbo. Upuuzi huo. Anataka kunifariji kama mtoto aliyeangusha andazi.

FUNDI: Shem, muulize yapo vipi.

MSHONI: Sizungumzi naye.

FUNDI: Umeshinda unazungumza naye tangu nipige simu.

MSHONI: Nagombana naye. Ni vitu viwili.

FUNDI: Basi gombana naye kwa swali. Muuza nyimbo yupi, na yapo vipi. Kidole nimekitoa kwenye kitufe.

MSHONI: (Kwa mbali) Haya. Sema hilo neno lako. Polepole, usinirushie mate. Ee. Ee. Alisema flashi imejaa? Nani alisema? Ee. Ukamwambia nini? Hebu rudia hapo, sogea karibu na simu, huyu asikie. Haya, hasogei, kaona haya. Shemeji.

FUNDI: Nasikiliza.

MSHONI: Anasema alipoipeleka flashi ijazwe nyimbo, muuza nyimbo kaifungua, kasema hakuna nafasi, humu mmejaa mauamaua, nafuta. Yeye akamshika mkono. Akamwambia hayo ni ya jirani yangu, ukifuta hata moja sitoki dukani kwako. Jamaa akanuna, akayahamishia kwenye kompyuta yake, ndiyo akatia nyimbo.

FUNDI: Akayahamisha yote?

MSHONI: Anasema alisimama juu ya kichwa chake mpaka la mwisho.

FUNDI: Na kwa nini hakusema siku zote hizi?

MSHONI: Anasema juzi alikuwa anakuja kuomba radhi tu, alidhani flashi ikitengenezwa maua yatarudi yenyewe. Leo ndiyo kakusikia kwenye simu ukisema yanafutika, ndiyo kaanza kunivuta khanga.

FUNDI: Na kabla ya hapo dirisha lilikuwa limefungwa.

MSHONI: Nimesikia. Usinisaidie.

FUNDI: Muuza nyimbo gani huyo?

MSHONI: Anasema yule wa pembeni ya kinyozi, mwenye kofia ndani ya nyumba.

FUNDI: Dijei? Shem, Dijei ni mlango wa pili kutoka hapa nilipokaa. Nimekunywa naye chai asubuhi. Nimemlalamikia flashi hii hii mpaka akanipa mkate wake.

MSHONI: Na hakusema kitu?

FUNDI: Atajuaje ni ya nani? Kwake flashi zote ni flashi. Usikate, natembea. (Kwa mbali) Dijei. Dijei, punguza hiyo kitu. Punguza, simu. Yale maua ya yule mama wa spika uliyahamishia wapi? Maua, ndiyo. Hapana, si wimbo.

MSHONI: Anasemaje?

FUNDI: Anasema vitu vya watu huwa hafuti siku hizi. Kuna siku alifuta picha za mtu za kipaimara cha—haya, Dijei, hadithi baadaye, fungua. Ana sehemu kaiita "Mali za Watu". Humo ni kama jalala. Kuna hotuba, kuna mahubiri, kuna picha za ng'ombe. Teremka. Teremka tena. (kimya)

MSHONI: Haloo? Mtandao umekatika?

FUNDI: Haujakatika.

MSHONI: Basi mbona kimya?

FUNDI: Yapo.

MSHONI: Sema tena.

FUNDI: Yapo, shem. Majina kayaandika kaka mwenyewe, namjua kwa uandishi wake. "Kidoti harusi kushoto." "Kidoti harusi kulia."

MSHONI: Harusi? Kaandika harusi? Wakati ule Kidoti alikuwa hajaleta mtu hapa nyumbani. Alikuwa hata hajui kusuka nywele zake.

FUNDI: Kaandika harusi.

MSHONI: Mimi mashine inanionyesha Kidoti moja, Kidoti mbili, Kidoti tatu. Kioo chake kidogo, jina linakatika. Nikajua ni maua aliyomchorea mtoto, basi.

FUNDI: La tatu uliwahi kulitariza?

MSHONI: Hapana. Nilidhani ni la majaribio. Kwa nini?

FUNDI: Hapa limeandikwa lote. "Kidoti harusi mama yake."

MSHONI: (sauti ya sufuria ikifurika)

FUNDI: Shem.

MSHONI: Nipo. Sufuria ilikuwa inafurika. Likoje?

FUNDI: Siwezi kulifungua, kompyuta ya Dijei haijui maua. Mashine yako ndiyo italichora. Ila nikiangalia uzito, ni zito kuliko yale mawili ukiyajumlisha.

MSHONI: Alikuwa hajui kupunguza, mtu yule. Nguo yangu ya kuvaa Jumamosi nimeshaishona. Nimeiacha wazi, bila kitu. Nilisema mimi mzee, ua la nini.

FUNDI: Basi nafasi ipo.

MSHONI: Rudi kwenye kitufe, shemeji. Usinifanye niunguze chakula.

FUNDI: Nayabeba kwanza yote, nayaweka mahali pawili. Dijei, asante. Hapana, sitaki wimbo. Nimerudi kwangu. Flashi hii, sindano hii. Nagusa miguu, nachomeka. Imemwona. Sasa una hakika?

MSHONI: Fagia.

FUNDI: Nimebonyeza.

MSHONI: Na?

FUNDI: Nyekundu.

MSHONI: Nyekundu ni nzuri?

FUNDI: Nyekundu ni mbaya. Ngoja. Sindano imeteleza tena. Naanza upya. Gusa, chomeka. Imemwona. Nimebonyeza. Inakwenda. Inafagia.

MSHONI: Na umeme huko upo?

FUNDI: Usiutaje, tafadhali. Ukikatika hapa katikati, hata huyo mlinzi hatumfufui tena.

MSHONI: Sijautaja. (Kwa mbali) Inafagia. Ndiyo, na nyimbo zako pia. Zote. Nimesema zote, mama.

FUNDI: Imefika nusu. Taa imepepesa hapa.

MSHONI: Shemeji.

FUNDI: Imepepesa tu. Imetulia. Inakwenda. Imepita nusu. Usiongee na mimi kidogo.

MSHONI: Siongei.

FUNDI: Inamfundisha sasa. Inakwenda. (kimya) Kijani.

MSHONI: Kijani ni—

FUNDI: Kijani ni nzuri. Nachomoa, nachomeka. Kompyuta imelia vizuri. Imejitaja jina, imesema giga mbili, tumbo dogo kama mashine yako inavyotaka. Tupu, safi kama imetoka kiwandani leo. Nampa maua yake. Kushoto. Kulia. Na lako.

MSHONI: Lisome tena hilo jina.

FUNDI: "Kidoti harusi mama yake."

MSHONI: Haya. Haya.

FUNDI: Shem, simu inapiga mlio, salio langu linaisha. Nafunga banda, nakuletea mwenyewe, sitaki kumpa mtu mkononi.

MSHONI: Njoo. Na sindano yangu.

FUNDI: Na sindano yako. Umwambie Kidoti—(mtandao unakwaruza)—fremu asiiguse—

MSHONI: Sikusikii. Haloo? Njoo tu, sahani yako ipo. (Kwa mbali) Wewe unakwenda wapi? Mama Spika. Umesimama mlangoni kwangu tangu sufuria ni maji matupu, leo imeiva ndiyo unaondoka? Nyimbo zimekwenda, ndiyo, na usinitazame hivyo, utazitia tena, kwa flashi yako. Pita. Pita bwana, unazuia upepo. Nawa mikono uje ule.